Aliyeachiliwa na Sheria Akalale Wapi?

Hivi majuzi, jua likielekea kutua, nilipigiwa simu na mwalimu mmoja ambaye nilimfunza isimu chuoni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Baada ya kunijulia hali na kuniulizia watoto, aliniambia kwamba ana swali la sarufi. Nilifurahi, maana si ada ya wanafunzi wa zamani kumkumbuka mhadhiri wao kwa ajili ya sarufi.

"Mwalimu," alisema, "mtu akikuuliza, 'Wewe ni mufilisi?', na wewe ulifilisika lakini sheria imekwisha kukuachilia, jibu ni ndiyo au ni la?"

Halikuwa swali la darasani. Alikuwa ametoka nje ya ofisi ya wakala wa nyumba mjini Thika, na mezani ameacha fomu ya maombi ya kukodi nyumba ya vyumba viwili. Kodi ilikuwa shilingi 14,000 kwa mwezi, na mshahara wake ungeimudu. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo fomu nyingi zinazoamua maisha ya watu katika nchi hii ambayo Katiba yake imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Alipofika kwenye swali linalohusu ufilisi alisita, naye karani, kwa nia njema kabisa, akamfasiria kwa maneno hayo matatu mafupi. Hapo ndipo alipoomba udhuru akatoka kunipigia simu.

Kisa chake si kigeni. Mwaka wa 2018 yeye na mumewe walifungua shule ndogo ya chekechea kwa mkopo wa benki. Wakaongeza mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na baadaye mambo yalipowabana wakaingilia ile mikopo midogo midogo ya simu ambayo humfikia mtu usiku wa manane kabla hajaamua kama anaitaka. Shule ilikuwa imeanza kusimama. Mwezi wa Machi 2020 serikali ikafunga shule zote nchini kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Wazazi hawakulipa karo ya masomo yasiyokuwapo, na ni nani angewalaumu? Benki nayo haikuacha kuhesabu riba.

Mnamo Aprili 2021 alikwenda mwenyewe mahakamani kuomba atangazwe kuwa amefilisika. Aliorodhesha kila alichokuwa nacho na kila alichodaiwa. Viti vya watoto, meza, na gari kuukuu lililokuwa likiwabeba, vyote viliuzwa. Jina lake lilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ingawa ni wachache wanaolisoma gazeti hilo, waliomdai wote walilisoma. Alihamia chumba kimoja cha mabati pamoja na wanawe wawili, akapata kazi katika shule ya kibinafsi ya mtu mwingine, na tangu siku hiyo hajakosa kulipa kodi hata mwezi mmoja. Aprili 2024 muda wake ulitimia.

Wengi hawajui kwamba muda huo upo. Sheria ya zamani, iliyokuwa Sura ya 53 ya Sheria za Kenya, tuliirithi kutoka kwa Mwingereza, na chini yake mtu aliweza kubaki katika ufilisi hadi mahakama iridhike kumwachilia. Asiyekuwa na pesa za kumrudia wakili alizeeka nao. Bunge liliifuta likatunga Sheria ya Ufilisi ya 2015. Kwa mujibu wa sheria hii, aliyetangazwa kuwa amefilisika huachiliwa bila ya kuomba, miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, ikiwa hapana aliyepinga. Madeni yaliyotokana na ulaghai hayafutiki, lakini yale ya kawaida, ya benki na ya dukani, huisha. Asiyekuwa na mali yoyote ya kuuzwa, na ambaye madeni yake si makubwa mno, amewekewa njia nyingine iliyo fupi zaidi, ya miezi 12. Hata Katiba ya 2010, ambayo humzuia aliyefilisika kuwania ubunge, humzuia yule tu ambaye hajaachiliwa. Kwa hivyo mwalimu huyu akipenda anaweza kuwania kiti bungeni. Nyumba ya vyumba viwili mjini Thika ndiyo iliyomshinda kuingia.

Nirudi kwenye swali lake, kwa sababu limekuwa swali langu pia. Neno "filisi" tulilipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa "fulusi", yaani pesa, neno ambalo wazee wa pwani wangali wanalijua. Aliyefilisika ni yule aliyeishiwa na fulusi. Huo ni upungufu wa kitu mfukoni, wala si sifa ya mtu. Tazama lakini tulivyofanya. Tunaye "mfilisi", ambaye huja kuzishika mali, na tunaye "mufilisi", ambaye ndiye aliyeshikiwa. Ile m- ya kwanza ni kiambishi chetu cha Kibantu cha mtenda. Ile mu- ya pili imekuja na neno lenyewe kutoka Uarabuni. Irabu moja tu ndiyo inayomtenga anayetwaa na aliyetwaliwa, na wanafunzi wangu huwachanganya wawili hawa kila mwaka.

Kitenzi kina haki zaidi. Ukisema "amefilisika", kiambishi -me- kinaonyesha hali iliyotokea na ingalipo, kama tusemavyo amelala, amesimama, ameketi. Ukisema "alifilisika", -li- inaliacha tukio pale lilipotokea. Tofauti hii mtoto huijua kabla hajatia mguu shuleni. Nomino haina wakati. "Mufilisi" halisemi jana wala leo, na kwa kuwa halisemi, msikilizaji huelewa daima. Isitoshe, hatuna jina la kumwita aliyekwisha kuachiliwa. Mtumwa aliyepewa uhuru wake, wazee wa pwani walimwita mahuru. Aliyeachwa katika ndoa ni mtalaka, aliyemaliza utumishi ni mstaafu. Aliyemaliza ufilisi hana jina, na kwa sababu hana, tunamrudishia lile la zamani.

Kwa hayo yote nilimwambia jibu ni la.

"Na wakija kusema niliwadanganya?" aliuliza.

Nikamwomba arudi ndani anisomee swali lilivyoandikwa. Kumbe fomu haikuuliza kama yeye ni mufilisi. Iliuliza kama amewahi kufilisika wakati wowote katika maisha yake. Hilo ni swali jingine kabisa, na jibu lake ni ndiyo. Sarufi yangu ilikuwa imemfikisha mlangoni ikamwacha hapo. Alijaza ukweli. Karani aliisoma fomu, akaingia chumba cha ndani, akarejea na masharti: kodi ya miezi sita kabla ya kuingia, pamoja na amana ya miezi miwili. Mwanamke ambaye sheria imemaliza juzi tu kumwacha mikono mitupu alitakiwa atoe shilingi 112,000 ili athibitishe kwamba ana uwezo wa kulipa 14,000.

Yamkini msomaji atasema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na asiyelipa asishangae akifungiwa mlango. Methali hiyo nami nimeifundisha. Hali kadhalika ile ya kukopa harusi na kulipa matanga. Nimesahihisha insha zake nyingi, na zote zina njia moja: mhusika anakopa, anaponda raha, madalali wanafika alfajiri, kitanda kinabebwa, jirani wanachungulia, na hapo mwanafunzi anafunga daftari. Sikumbuki hata insha moja iliyoendelea hadi jioni ya siku hiyo, mtu huyo anapotafuta pa kuwalaza watoto. Wala sikumbuki kumdai mwanafunzi aiendeleze. Nadhani tumewafunza vijana kwamba kisa cha mdaiwa huishia kwenye mnada. Baadhi yao sasa ni mawakala wa nyumba.

Aidha, si kila akopaye hukopa harusi. Walimu wenzangu wanaosoma safu hii wanaijua vyema hesabu ya mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema makato yasizidi thuluthi mbili za mshahara, na wako wengi wanaoishi juu ya ile thuluthi iliyobaki, pembeni kabisa, ambapo ugonjwa mmoja wa mzazi unatosha. Tangu M-Shwari ianzishwe mwaka wa 2012, mkopo hauhitaji tena kuvaa koti na kwenda benki. Nanyi wanafunzi mnaosomea mkopo wa HELB mmeanza maisha ya watu wazima mkiwa wadaiwa kabla hamjalipwa senti moja. Sisemi hivyo kuwatisha. Nasema ili mjue kwamba fomu ile ya Thika haikuandikiwa watu wa mbali.

Mlango wa aina hiyo niliufahamu kwanza ughaibuni. Nilipokwenda Marekani kusomea shahada ya uzamifu, nikiwa na sanduku moja na barua ya chuo, wenye nyumba walitaka kuona historia yangu ya mikopo. Sikuwa nayo. Sikuwahi kudaiwa na mtu nchini humo, na kwa desturi yao asiyewahi kudaiwa hutiliwa shaka kama aliyeshindwa kulipa. Hatimaye nilipata chumba kwa udhamini wa profesa wangu, tena jengo moja na mzee mmoja dereva wa basi ambaye mkewe alikuwa ameugua kwa muda mrefu. Bili za hospitali zilikuwa zimemshinda, akaenda mahakamani kufilisika. Yeye ndiye aliyenifunza mengi ya nchi ile kuliko vitabu.

Nilijifunza, kwa mfano, kwamba Wamarekani hawaoni ajabu mtu kufilisika. Sheria yao ya 1978 ina sura mbili ambazo hutumiwa sana na watu wa kawaida: Sura ya 7, ambapo mali isiyokingwa na sheria huuzwa na madeni mengi kufutwa upesi, na Sura ya 13, ambapo mdaiwa hulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano. Sheria hiyo inakataza idara za serikali kumbagua mtu kwa sababu tu alifilisika. Mwaka wa 2002 mahakama ya rufani iliamua, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, kwamba hata shirika la umma la nyumba haliwezi kumfukuza mpangaji kwa sababu ya kodi ambayo imekwisha kufutwa katika ufilisi. Lakini mwenye nyumba wa kibinafsi hakuguswa. Habari ya ufilisi inaweza kubaki katika rekodi za mkopaji kwa miaka 10, na yeye huruhusiwa kuisoma na kufunga mlango. Mzee yule aliambiwa hapana mara nyingi kabla ya kupata chumba katika jengo letu.

Kuna jambo moja aliloniambia ambalo limenikaa kichwani. Aliyefutiwa madeni chini ya Sura ya 7 hawezi kufutiwa tena kwa njia hiyo hadi ipite miaka minane. "Nani mpangaji bora kuliko mimi?" aliniuliza tukiwa tunazoa theluji mlangoni. "Sina deni jingine linalogombania mshahara wangu, na nikiwakosea kodi sina pa kukimbilia." Nilicheka wakati ule. Leo naona kwamba alikuwa na hoja ambayo karani wa Thika hakuifikiria. Wapangaji wawili wakisimama mbele yako, mmoja amekopa benki, na kwa jamaa, na katika programu tano za simu, na hakuna anayejua, na wa pili ameachiliwa na hadaiwi na yeyote, ni nani atakayekulipa tarehe tano? Fomu inamkubali wa kwanza na kumkataa wa pili, kwa sababu wa kwanza hajafika mahakamani bado.

Sitaki nionekane kama kwamba nawatukana wenye nyumba. Nina jirani mmoja mjane wa mwalimu aliyejenga vyumba vinane kwa kiinua mgongo cha marehemu na mkopo juu yake. Nilipompelekea kisa hiki alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Daktari, wewe unalipwa hata mwanafunzi asipofika darasani. Mimi mpangaji akihama usiku, benki hainiulizi alikwenda wapi." Ni kweli. Sheria yetu inampa uwezo wa kuzuia vyombo vya mpangaji kwa ajili ya kodi, lakini dalali naye hutaka alipwe, na godoro la mtu maskini haliuziki. Mama huyu ana haki ya kuuliza. Nilimwuliza yeye huwauliza nini wapangaji wapya. Akasema huuliza wanakotoka, kisha humpigia simu mwenye nyumba wa kwanza na kumwuliza, "Alikuwa akilipa?" Basi.

Swali hilo moja ndilo nilitakalo. Lina kitenzi, lina wakati, na linahusu jambo lenyewe linalotafutwa, yaani kodi. Mwalimu wangu wa Thika angelijibu kwa furaha, na mwenye chumba cha mabati angemshuhudia. Iwapo mawakala wataendelea kuuliza kuhusu ufilisi, basi na waulize kama mtu yumo katika ufilisi hivi sasa, na waliweke swali hilo katika lugha anayoielewa. Kumwuliza kama amewahi ni kuirudisha kwa mlango wa nyuma adhabu ambayo Bunge limeiwekea kikomo. Ibara ya 43 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kupata makao yafaayo. Sheria ya 2015 yampa aliyefilisika mwanzo mpya. Kati ya ibara na sheria hiyo pana fomu ya kurasa mbili iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, nayo ndiyo yenye nguvu.

Bunge likitaka, laweza kuongeza kifungu kifupi katika Sheria ya Ufilisi: kwamba aliyeachiliwa asinyimwe nyumba wala asitozwe amana ya ziada kwa sababu hiyo pekee. Wamarekani waliishia kwenye idara za serikali, nasi hatulazimiki kuishia walipoishia wao. Hali kadhalika lingetazama zile taasisi zinazoweka rekodi za wakopaji, ambazo umma unaziita CRB. Habari mbaya ya mkopaji inaweza kubaki humo hadi miaka mitano, ilhali sheria ya ufilisi inamwachilia kwa mitatu. Daftari moja lasema amekwisha, jingine lasema bado, na wakala huamini lile linalomfaa.

Nilipomaliza kumweleza mwalimu huyu hayo yote kwa simu, alinisikiliza kwa adabu aliyokuwa nayo tangu akiwa mwanafunzi. Kisha akasema kwamba hana haja na kifungu kwa sasa, ana haja na barua. Nilimwandikia. Niliandika kwamba namfahamu tangu alipokuwa chuoni, kwamba alifilisika mwaka wa 2021 kwa sababu ambazo kila mzazi nchini anazikumbuka, kwamba aliachiliwa kisheria mwaka wa 2024, na kwamba katika muda wote huo amelipa kodi kila mwezi, jambo linalothibitishwa na risiti zilizoambatishwa. Kila kitenzi nilikipima. Nakiri pia kwamba nilipofika mahali pa kuandika kama niko tayari kumdhamini endapo atashindwa, kalamu yangu nayo ilisimama kidogo, na neno lililonijia akilini lilikuwa ni lile lile la karani. Kisha nikatia sahihi.

Hilo lilikuwa wiki tatu zilizopita. Jumatatu alinipigia tena kuniarifu kwamba mwenye nyumba amelegeza miezi sita ikawa mitatu, na kwamba wakala anataka barua ya pili, inayothibitisha kwamba barua ya kwanza iliandikwa na mimi. Nimeiandika, na nimeipeleka Thika kwa mkono wangu.